Wati Zinazopotea Kati ya Meza na Paa

Ukimuuliza mwanaredio wa ridhaa kama antena yake ni nzuri, mara nyingi atakujibu kwa namba moja tu: SWR, kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo. "Yangu inasoma moja nukta tatu," atasema, na mazungumzo yataishia hapo. Namba hiyo ina kazi yake, lakini si jibu la swali lililoulizwa. Zipo antena zilizoliwa na kutu, na zipo zilizokatika kabisa kutoka kwenye kebo zake, ambazo bado zinampa mwenyewe namba ya kumridhisha. Kinachoamua kama sauti yako itasikika ng'ambo ya mji au itaishia mtaani kwako ni wati zinazofika juu, kwenye antena yenyewe. Kati ya meza ya redio na paa ipo kebo, nayo hukata fungu lake kila unapobonyeza kitufe cha kuongea.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Kabla ya kutafuta redio yenye nguvu zaidi, jua kebo yako inapoteza kiasi gani. Na unapoisawazisha antena, isawazishe kule iliko, si pale mezani ulipoketi. Wanaredio wetu, wawe wa 5H Tanzania, 5Z Kenya au 5X Uganda, wengi hujenga vituo vyao kwa vifaa vya gharama kubwa vinavyoagizwa kutoka mbali. Inaniuma kuona wati zilizolipiwa kwa shida hivyo zikiishia kuipasha moto plastiki ya kebo.

Kebo inapoteza kiasi gani

Kila kebo hugeuza sehemu ya nguvu inayopita ndani yake kuwa joto. Sehemu kubwa hupotea katika shaba, kwa sababu mkondo wa masafa ya redio haupiti katika unene wote wa waya. Hujibana kwenye ngozi yake ya nje, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ngozi hiyo inavyozidi kuwa nyembamba. Sehemu nyingine hupotea katika plastiki inayotenganisha waya wa kati na wavu unaouzunguka. Ndiyo maana kebo inayofaa sana katika megahezi 7 inaweza kuwa balaa katika megahezi 145, na ndiyo maana kebo nene hupoteza kidogo kuliko nyembamba.

Upotevu hupimwa kwa desibeli, na mtu anayekumbuka hesabu nne tu anaweza kufanya karibu kila hesabu atakayoihitaji. Desibeli 1 ikipotea, asilimia 79 ya nguvu imebaki. Zikipotea 3, imebaki nusu. Zikipotea 6, imebaki robo. Zikipotea 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Urefu wa kebo ukiongezeka maradufu, desibeli zinazopotea nazo huongezeka maradufu.

Tuchukue kituo cha kawaida cha bendi ya mita 2: redio ya wati 50 mezani, antena ya wima juu ya paa la ghorofa, na mita 30 za kebo zinazoteremka ukutani hadi chumbani. Kama kebo hiyo ni RG-58, ile nyembamba ya unene wa milimita 5 hivi, katika megahezi 145 itapoteza karibu desibeli 6. Wati 50 zinazotoka mezani zinafika juu zikiwa 12 na nusu. Ukiweka RG-213, yenye unene wa milimita 10, upotevu unashuka hadi desibeli 2.7 hivi na antena inapata wati 27. Ukiweka kebo ya daraja la LMR-400, upotevu unakuwa desibeli 1.5 na zinafika wati 35. Redio ni ileile na antena ni ileile, lakini nguvu inayorushwa hewani imekaribia kuongezeka mara tatu.

Na hayo ni ya upande wa kurusha tu. Ishara dhaifu inayoingia kutoka nje nayo hupita kwenye kebo hiyohiyo kabla ya kuifikia redio. Katika bendi ya mita 2, ishara iliyopunguzwa hadi robo inaweza kumezwa na kelele za redio yenyewe isisikike kabisa. Mtu anayejaribu kuuponya upotevu wa desibeli 6 kwa kununua kipaza nguvu cha wati 200 ataifikisha antena yake kwenye wati 50, lakini masikio ya kituo chake yatabaki pale yalipokuwa. Atasikika na wengi asioweza kuwasikia. Kebo bora hutibu pande zote mbili kwa pamoja.

Katika bendi za chini hali ni nafuu. Mita 30 za RG-58 katika megahezi 7 hupoteza desibeli 1.2 hivi, na RG-213 hupoteza nusu desibeli. Huko hata mapokezi hayaathiriki sana, kwa kuwa kelele za angani na za mtaani huingia kupitia antena pamoja na ishara, na kebo huzipunguza zote kwa kiwango kimoja. Mwenye dipoli (antena ya waya yenye pande mbili) ya bendi ya mita 40 na kebo fupi hana sababu ya kutumia fedha zake kununua kebo ya bei kubwa, almradi waya umekatwa kwa urefu unaofaa na kebo iko salama.

Kuna kebo nyingine ambayo wengi huipuuza ingawa inauzwa karibu kila mji: ile ya dishi la televisheni, RG-6 ya omu 75. Katika megahezi 145, mita 30 zake hupoteza desibeli 2.3 hivi, pungufu kabisa ya RG-58. Dipoli iliyonyooka huwa na impidansi, yaani ukinzani wake kwa mkondo wa redio, ya karibu omu 73, kwa hiyo kebo hiyo inaifaa vizuri, na redio ya omu 50 itaona SWR ya 1.5 ambayo haiwezi kuidhuru. Antena ikiwa ya omu 50, kata kebo iwe na urefu wa nusu wimbi mara kadhaa kamili, ili redio iione antena kama ilivyo. Katika megahezi 145, kwa plastiki ya povu, kila nusu wimbi ni karibu sentimita 86. Jihadhari na mambo mawili. Wavu wake wa alumini haushiki risasi ya kulehemu, hivyo tumia konekta za F zinazobanwa. Pia nyingi zina waya wa kati wa chuma kilichopakwa shaba, na katika masafa ya chini kabisa waya huo hupoteza nguvu zaidi ya ule wa shaba tupu.

Nguvu inayorudi inakwenda wapi

Sasa tuje kwenye SWR. Kebo ya omu 50 ikiishia kwenye antena yenye impidansi ya omu 50, nguvu yote iliyofika hupokelewa. Impidansi zikitofautiana, sehemu ya nguvu huakisiwa na kurudi kwenye kebo. SWR hueleza ukubwa wa tofauti hiyo. Ikiwa 1.5, asilimia 4 ya nguvu inarudi. Ikiwa 2, asilimia 11. Ikiwa 3, asilimia 25.

Hapo ndipo imani moja ya siku nyingi ilipojengeka: kwamba nguvu iliyorudi imepotea, au imeingia kwenye redio na kuiunguza. Walter Maxwell, mhandisi wa Marekani aliyeshughulikia antena za satelaiti katika kampuni ya RCA na aliyejulikana hewani kwa ishara ya W2DU, alianza mwaka 1973 kuandika mfululizo wa makala katika jarida la QST kuipinga imani hiyo. Alionyesha kwamba nguvu inayorudi, inapokutana na mtambo uliosawazishwa kwa kebo, huakisiwa tena na kupanda juu. Sehemu yake hupokelewa na antena, iliyobaki hurudi na kupanda tena. Kama kebo isingepoteza chochote, nguvu yote ingefika hatimaye hata kwa SWR kubwa.

Lakini kebo hupoteza, na hapo ndipo penye uzito wa jambo. Fikiria mfanyabiashara aliyesafirisha mahindi hadi sokoni kupitia kizuizi cha ushuru. Gunia likikataliwa sokoni na kurudishwa, linalipa ushuru njiani. Likipelekwa tena, linalipa tena. Ushuru ukiwa mdogo, safari za ziada hazimuumizi. Ukiwa mkubwa, kila gunia lililokataliwa humtia hasara. SWR ni wingi wa magunia yanayokataliwa, na upotevu wa kebo ndio ushuru. Ukitaka kujua hasara, ni lazima uyajue yote mawili.

Tuone kwa hesabu. Chukua mita 30 za RG-213 katika megahezi 7, na antena yenye SWR ya 3. Bila mwakisiko upotevu ungekuwa desibeli 0.5, pamoja nao unakuwa desibeli 0.8. Tofauti hiyo hakuna sikio litakaloitambua. Sasa chukua antena ya bendi ya mita 40 uitumie katika bendi ya mita 20, kama wengi wanavyofanya kwa msaada wa tyuna, kifaa cha kusawazisha kinachokaa karibu na redio. Dipoli ya nusu wimbi ikitumiwa kwenye masafa maradufu huwa na impidansi ya maelfu ya omu katikati yake, na SWR kwenye kebo ya omu 50 inaweza kufika 60. Mita 30 za RG-58 ambazo zingepoteza desibeli 1.7 sasa zinapoteza takribani 11. Wati 100 zinatoka mezani, 8 zinafika kwenye waya. Tyuna ya mezani imefanya kazi yake, mshale wa kipimo unaonyesha SWR ya 1, redio imetulia, na wati 92 zimegeuka joto.

Kwa hiyo tyuna si kifaa kibaya, ila tujue inachokifanya. Redio za kisasa zenye transista hujilinda kwa kupunguza nguvu SWR inapozidi kiasi cha 2, na tyuna huiondolea redio hofu hiyo. Haibadilishi chochote kati yake na antena. Anayehitaji bendi nyingi ana njia tatu zilizo bora. Ya kwanza ni kuiweka tyuna pale kebo inapokutana na antena. Ya pili ni kufunga dipoli mbili au tatu za urefu tofauti kwenye kiungo kimoja cha katikati. Kila bendi huchagua waya wake. Ya tatu ni waya wa ngazi, yaani nyaya mbili zinazokwenda sambamba zikiwa zimetenganishwa na vijiti vya plastiki. Waya wa ngazi wa omu 450 katika mfano wetu wa mita 20 ungepoteza nusu desibeli tu, na karibu wati 90 zingefika juu. Masharti yake ni kwamba waya ukae mbali na mabati na nondo kwa sentimita kadhaa, na tyuna iwe ya kuweza kulisha nyaya mbili zilizo sawa.

Mshale unapodanganya

Upotevu wa kebo una tabia mbaya zaidi: huifanya SWR ionekane nzuri. Nguvu inayoakisiwa na antena hupunguzwa na kebo wakati wa kupanda, kisha hupunguzwa tena wakati wa kushuka, hivyo kipimo cha mezani huona kidogo tu cha kile kilichokataliwa. Katika kituo chetu cha mita 2 chenye kebo ya desibeli 6, antena yenye SWR ya 3 itasomeka 1.3 mezani. Na antena ikianguka usiku kwa upepo na kuiacha kebo ikining'inia tupu, kipimo kitaonyesha 1.7 hivi. Mwenye redio ataamka, atatazama mshale, na hataona dalili yoyote ya kutisha.

Tabia hiyo inaweza kugeuzwa kuwa kipimo cha manufaa. Ifungue antena kutoka kwenye kebo kule juu, uache mwisho wa kebo wazi, kisha pima SWR kutoka mezani kwa kipima antena kidogo cha mkononi. Usitumie redio yenyewe, kwa maana kurusha nguvu kwenye kebo isiyo na antena kunaweza kuiharibu. Hapa SWR kubwa ndiyo habari njema. Ikisomeka karibu 9, kebo inapoteza desibeli 1. Ikisomeka 4.4, inapoteza 2. Ikiwa 3, inapoteza 3, maana yake nusu ya nguvu yako. Ikiwa 1.7, inapoteza 6. Pima katika kila bendi unayotumia. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na itakuambia mengi kuliko miezi ya kuutazama mshale.

Kusawazisha kule juu

Kusawazisha antena kwenyewe hakuhitaji vifaa vya ajabu. Kwa dipoli ya nusu wimbi, gawanya 142.6 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20.1, yaani mita 10 na kidogo kila upande. Anza na waya mrefu kidogo, kisha punguza pande zote mbili kwa usawa hadi SWR ndogo kabisa iangukie masafa unayoyataka. Bendi hii ya mita 40 ndiyo inayotuunganisha vizuri mchana ndani ya Afrika Mashariki, na dipoli isiyo juu sana, inayoelekeza nguvu angani, inaifaa kazi hiyo.

Impidansi nayo hurekebishwa kwa umbo. Dipoli ikiinuliwa katikati na ncha zake kuteremshwa, impidansi hushuka kutoka omu 70 na kitu kuelekea 50. Antena ya wima ya robo wimbi katika mita 2, yenye waya wa sentimita 49 na nyaya nne za chini, huwa na omu 36 hivi nyaya hizo zikiwa za mlalo. Zikiteremshwa kwa nyuzi 45, hukaribia 50. Hakuna senti iliyotumika, waya umepindwa tu.

Ziko antena ambazo umbo peke yake halitoshi. Kitanzi cha wimbi zima huwa na omu 100 hadi 120. Hapo hutumika kipande cha robo wimbi cha kebo ya omu 75 kati ya kitanzi na kebo kuu: ukizidisha 75 kwa 75 na kugawanya kwa 112, unapata 50. Kumbuka kwamba wimbi husafiri taratibu zaidi ndani ya kebo kuliko hewani, kwa hiyo robo wimbi ya megahezi 7.1, ambayo hewani ni mita 10.6, huwa mita 7 katika kebo ya plastiki ngumu na mita 8.8 hivi katika ile ya povu.

Usisahau baluni. Dipoli ina pande mbili zilizo sawa, ilhali kebo ya koaksi haina. Bila kizuizi, mkondo huvuja na kushuka kwa nje ya wavu, na kebo yenyewe inageuka kuwa sehemu ya antena. Utaijua hali hiyo SWR ikibadilika unapoisogeza kebo, kipaza sauti kikikupiga shoti ndogo mdomoni, au redio ikivuma kwa kelele za taa na chaja za nyumbani. Kwa mita 40, mizunguko 10 hadi 12 ya kebo nyembamba kwenye pete kubwa ya feraiti ya aina ya 31, ikifungwa pale kebo inapokutana na antena, huuzuia mkondo huo.

Maji, chumvi na jua

Kwa anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja au popote penye upepo wa bahari, adui mkubwa wa kebo si hesabu bali ni maji. Plagi ya PL-259 haizuii mvua. Maji yakishaingia, wavu wa shaba huyanyonya na kuyasambaza mita nyingi ndani ya kebo, shaba inageuka nyeusi au kijani, na upotevu unapanda mwezi hadi mwezi. Wakati huohuo SWR ya mezani inazidi kupendeza, kwa sababu tulizoziona. SWR inayojirekebisha yenyewe bila wewe kugusa kitu ni dalili ya ugonjwa.

Ziba kila kiungo cha nje kwa tepu ya mpira inayoshikana yenyewe, kisha izungushie tepu nyeusi ya umeme kwa juu, ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Acha kebo ifanye kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ukutani, maji yadondoke hapo badala ya kuifuata ndani. Chagua kebo yenye ganda jeusi, linalovumilia jua kuliko jeupe. Usiunge vipande vipande, na usiviringishe mita za ziada nyuma ya meza, zikate. Na kabla ya kupanda paani, hakikisha hakuna waya wa umeme ambao antena au nguzo yake inaweza kuuangukia.

Fedha zianzie wapi

Kama una kiasi kidogo cha fedha, kipima antena kitangulie, kwa kuwa bila kipimo unabahatisha. Inayofuata ni kazi isiyo na gharama: fupisha kebo, kata waya kwa urefu sahihi, ziba viungo. Kisha kebo bora, kwanza kwa bendi ya mita 2 na zilizo juu yake. Kipaza nguvu kiwe cha mwisho kabisa, na kwa vituo vingi hakitahitajika tena.

Weka pia karatasi ukutani karibu na redio, uandike upotevu wa kebo yako kwa kila bendi na tarehe ya kupima, kisha upime upya kila mwaka masika yanapokaribia. Namba ya desibeli ikipanda, umepata onyo mapema, kabla ya siku ya dharura ambapo kituo chako huenda kikawa ndicho pekee chenye uwezo wa kuifikisha habari.